Wakili wa Watawaliwa: Maisha ya Denis Nowell Pritt (1887–1972) na Nafasi Yake katika Kesi za Ukombozi za Afrika ya Mashariki

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Mwanza mjini kwa barabara ya kusini hupita Mkolani na Buhongwa kabla ya kufika Usagara, mahali ambapo njia iendayo Kigongo na Geita huachana na ile ya Shinyanga. Wakati wa utawala wa Waingereza eneo hili, pamoja na Musoma na Bukoba, lilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa. Katika jimbo hili chama cha TANU, kilichoundwa Dar es Salaam mwezi Julai 1954, kilinyimwa kibali cha kuendesha shughuli zake tangu mwishoni mwa mwaka huohuo hadi mwaka 1958. Mshairi Saadani Abdu Kandoro, aliyekuwa miongoni mwa waandalizi wa siasa katika jimbo hilo, alilazimishwa kuondoka Mwanza. Silaha kubwa ya serikali katika jambo hili ilikuwa ni sheria ya vyama ya mwaka 1954, ambayo ilimpa msajili uwezo wa kulikubali au kulikataa tawi lolote. Mkulima wa pamba wa Buhongwa aliyetaka kuwa mwanachama halali hakuwa na tawi la kujiandikisha.

Mwaka 1958 ugomvi baina ya TANU na maofisa wa wilaya ulifikishwa mahakamani Dar es Salaam, pale Julius Kambarage Nyerere aliposhtakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili, mmoja wa Musoma katika Jimbo hili la Ziwa, na mwingine wa Songea. Wakili aliyeongoza utetezi wake alikuwa Mwingereza mwenye umri wa miaka 70, Denis Nowell Pritt, ambaye miaka mitano kabla ya hapo alikuwa amemtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria. Katika masimulizi ya historia ya ukombozi, mtu huyu aghalabu hutajwa kwa kupita tu, kama kivuli nyuma ya wateja wake mashuhuri.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa lengo la kuchunguza suala moja. Pritt aliamini kwamba kila mahakama ni chombo cha tabaka linalotawala. Imani hiyo ilimwezesha kuona waziwazi dhuluma ya mahakama za kikoloni. Lakini imani hiyohiyo, alipoitazama Moscow, ilimpofusha. Nguvu yake na kosa lake kubwa havina budi kuelezwa pamoja, kwani vilitoka katika chanzo kimoja.

2.0 Kutoka Kulia Kwenda Kushoto

Pritt alizaliwa tarehe 22 Septemba 1887 huko Harlesden, London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyuma. Alisoma katika shule ya Winchester, mojawapo ya shule kongwe ambamo tabaka tawala la Uingereza lilikuwa likiwalea vijana wake, kisha akajifunza sheria na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1909. Mwaka 1927 alipewa cheo cha Wakili wa Mfalme, heshima ambayo hutolewa kwa mawakili wachache waliobobea. Kazi yake ya awali haikuwa na dalili yoyote ya uasi: aliendesha kesi za biashara na za hataza, akajipatia sifa na kipato kizuri.

Kisiasa, vilevile, alianza upande wa kulia. Ujanani alikuwa Mhafidhina, baadaye akawa Mliberali, na mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza akajiunga na chama cha Leba. Safari hiyo ndiyo iliyompa jina la juzuu ya kwanza ya tawasifu yake iliyotolewa mwaka 1965, jina linaloeleza mwendo wa mtu atokaye kulia kwenda kushoto. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakufikia msimamo wake kwa sababu ya umaskini wala kwa sababu ya kutengwa. Aliufikia akiwa ndani ya jengo lenyewe la sheria, akiona jinsi wenye mali wanavyoweza kuitumia na wasio na mali wanavyoishia mlangoni.

Mwaka 1932 alitembelea Urusi ya Kisovieti pamoja na kundi la wasomi wa Kiingereza wa mrengo wa kushoto, na katika kitabu kilichotokana na ziara hiyo yeye aliandika sehemu ya mfumo wa sheria. Alirudi akiwa ameshawishika kwamba huko kulikuwa kunajengwa haki ya aina mpya. Ushawishi huo hakuuacha hadi kufa kwake.

3.0 Kesi za Mwanzo na Kuingia Bungeni

Kesi ya kwanza iliyomwingiza Pritt katika mambo ya makoloni ilihusu mtu ambaye wakati huo hakujulikana sana duniani. Mwaka 1931 polisi wa Hong Kong walimkamata mwanamapinduzi wa Kivietnam aliyekuja kufahamika kwa jina la Ho Chi Minh. Serikali ilikusudia kumfukuza kwa njia ambayo ingemtia mikononi mwa Wafaransa. Rufani yake ilipelekwa London mbele ya Baraza la Mfalme lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufani kwa makoloni. Pritt alimwakilisha Ho. Upande wa serikali ya Hong Kong uliwakilishwa na Stafford Cripps, mwanasheria mwingine wa chama cha Leba. Mwaka 1932 pande mbili zilifikia mapatano, na mshtakiwa akanusurika kupelekwa kwa Wafaransa.

Mwaka uliofuata Wanazi walishika madaraka Ujerumani, na jengo la bunge la Berlin likateketezwa kwa moto. Wakomunisti walishtakiwa. Mwezi Septemba 1933, kabla kesi hiyo haijaanza Leipzig, tume ya wanasheria wa nchi mbalimbali ilikutana London kuuchunguza ushahidi hadharani, na Pritt akawa mwenyekiti wake. Tume hiyo haikuwa na uwezo wa kisheria wa kumfunga wala kumwachia mtu yeyote. Hata hivyo, iliionyesha dunia kwamba kesi ya kisiasa ina wasikilizaji wengi kuliko wale waliomo ndani ya chumba cha mahakama. Funzo hilo Pritt alilitumia tena na tena katika maisha yake.

Baada ya kushindwa katika uchaguzi wa 1931, mwaka 1935 alichaguliwa kuwa mbunge wa Hammersmith Kaskazini, London. Kwa muda mfupi alikuwa pia katika halmashauri kuu ya taifa ya chama cha Leba. Ilionekana kana kwamba wakili huyu angefuata njia ya kawaida ya kupanda ngazi za uongozi, pengine hadi uwaziri.

4.0 Moscow na Gharama ya Imani

Mwezi Agosti 1936 Zinoviev na Kamenev, waliokuwa viongozi wakongwe wa mapinduzi ya Urusi, walishtakiwa Moscow kwa uhaini. Walikiri makosa yote, wakahukumiwa kifo na kupigwa risasi. Pritt alihudhuria kesi hiyo na kurudi London, akaandika kijitabu kueleza kwamba iliendeshwa kwa haki. Aliona washtakiwa wakizungumza kwa uhuru mbele ya umma, na akaamini kwamba watu wa aina ile hawangekiri jambo wasilolitenda.

Hapa ndipo palipo na fumbo la maisha yake. Wakili ambaye mwaka 1933 alikataa kuamini madai ya serikali ya Ujerumani bila ushahidi, mwaka 1936 alikubali maungamo ya washtakiwa kuwa ushahidi unaotosha. Wakili anayejua kazi yake huanza kwa kuuliza ungamo limepatikanaje: mshtakiwa alikuwa kizuizini kwa muda gani, nani alimhoji, na alitishwa kwa jambo gani. Maswali hayo Pritt hakuyasisitiza. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Kisovieti yenyewe ilizifuta hukumu za Zinoviev na Kamenev. Pritt alikuwa amekwisha kufa miaka 16 kabla ya hapo, na katika uhai wake hakuikana hukumu yake ya 1936.

Maelezo ya upofu huo hayapatikani katika ujinga au rushwa. Yanapatikana katika nadharia yake. Kama mahakama ni chombo cha tabaka linalotawala, basi palipotawala wafanyakazi mahakama ilikuwa chombo chao, na kuitilia shaka kulikuwa sawa na kuwasaidia maadui wao. Nadharia hiyo haikuacha nafasi ya kuuliza iwapo wanaotawala kwa jina la wafanyakazi ni wafanyakazi kweli.

Gharama ya kisiasa ilifuata. Urusi ilipoivamia Finland mwishoni mwa mwaka 1939, Pritt aliutetea uvamizi huo, na mwezi Machi 1940 akafukuzwa katika chama cha Leba. Kinyume cha matarajio ya wengi, wapiga kura wa Hammersmith hawakumtupa. Katika uchaguzi wa 1945 aligombea akiwa huru, akawashinda wagombea wa vyama vikubwa. Mwaka 1949 alikuwa miongoni mwa wabunge wachache wa mrengo wa kushoto waliounda kundi lao Bungeni baada ya kutengana na Leba. Mwaka 1950, vita baridi vikiwa vimepamba moto, alipoteza kiti chake na hakurudi tena Bungeni.

5.0 Kapenguria

Kushindwa huko ndiko kulikomrudisha katika uwakili kwa ukamilifu, na makoloni yakawa uwanja wake mkuu. Mwezi Oktoba 1952 serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Kenyatta pamoja na viongozi wengine. Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Oneko alikuwa mtu wa Nyanza, upande wa pili wa ziwa lilelile linalopakana na Mwanza, na kuwamo kwake kizimbani kulionyesha kwamba jambo lililokuwa likihukumiwa lilikuwa pana kuliko siasa za kabila moja.

Kesi haikusikilizwa Nairobi. Ilipelekwa Kapenguria, mji mdogo wa kaskazini-magharibi ambako mtu hakuruhusiwa kuingia bila kibali, na ambako hapakuwa na hoteli wala maktaba ya sheria. Mawakili walilazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku. Pritt aliongoza jopo lililokusanya watu wa mabara matatu: Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, na mawakili wa Kenya A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Muundo wa jopo hilo peke yake ulikuwa ni tamko la kisiasa. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu wa Kenya, ambaye baadaye ilifahamika kwamba serikali ilimlipa pauni 20,000.

Kwa wasomi wa lugha, kesi hii ina jambo la pekee. Mkalimani wa Kikikuyu alikuwa Louis Leakey, mwanaakiolojia aliyezaliwa na kukulia Kenya, ambaye pia alikuwa akiisaidia serikali katika vita dhidi ya Mau Mau. Upande wa utetezi ulipinga ukalimani wake kwamba haukuwa wa mtu asiye na upande, na hatimaye Leakey akajiondoa. Pritt hakujua Kikikuyu, lakini alitambua kwamba katika mahakama ya kikoloni anayeshika tafsiri ameshika sehemu kubwa ya ushahidi.

Pritt mwenyewe alijikuta mashakani. Alipowapelekea wabunge wa London simu ya maandishi akilalamika kwamba mazingira ya kesi yalikuwa yakiwanyima washtakiwa haki, alishtakiwa kwa kuidharau mahakama. Alishinda shtaka hilo. Mwezi Aprili 1953 washtakiwa wote sita walipatikana na hatia, wakahukumiwa kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu. Mwezi Julai Mahakama Kuu ya Kenya iliifuta hukumu kwa sababu hakimu hakuwa na mamlaka sahihi katika wilaya ile. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ikairejesha. Oneko alishinda rufani yake, lakini badala ya kuachiwa akaendelea kuzuiliwa. Ilikuwa dhahiri kwamba pale sheria ilipompa ushindi Mwafrika, serikali ilikuwa na sheria nyingine ya kumnyang'anya.

Huko Singapore mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 1954 Pritt aliwatetea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Malaya walioshtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala waliyoyachapa katika gazeti lao, akisaidiwa na wakili kijana Lee Kuan Yew. Wanafunzi wote waliachiwa. Katika mwaka huohuo serikali ya Kisovieti ilimpa Pritt Nishani ya Amani ya Stalin. Mambo hayo mawili, ushindi wa wanafunzi na nishani ya dikteta, yanasimama pamoja katika kumbukumbu za mwaka mmoja.

6.0 Dar es Salaam, 1958

Kwa TANU mwaka 1958 ulikuwa mwaka wa hatari. Mwezi Januari mkutano mkuu wa Tabora ulikuwa umeamua, baada ya mabishano makali, kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Katika Jimbo la Ziwa hali ilikuwa ya wasiwasi zaidi. Huko Geita serikali ilijaribu kuanzisha halmashauri ya wilaya ya rangi mchanganyiko, wananchi wakaikataa, na katikati ya mwaka maelfu yao wakaja Mwanza kutoa malalamiko yao, hadi walipotawanywa kwa nguvu. Watu hawa walikuwa hawana tawi halali la chama. Walichokuwa nacho ni miguu yao, pamoja na uzoefu wa kujipanga walioupata katika Chama cha Wasukuma na katika vyama vya ushirika vya pamba, ambavyo tangu 1955 viliunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani.

Katika mazingira hayo Sauti ya TANU, jarida la chama, lilichapisha makala ya Nyerere yaliyowatuhumu baadhi ya mabwana shauri kwamba walitumia madaraka yao kukikandamiza chama. Nyerere alishtakiwa kwa kosa la jinai la kashfa. Kesi ilianza mwezi Julai, wakati Gavana mpya, Richard Turnbull, alipokuwa akiwasili kushika nafasi ya Edward Twining. Turnbull alitoka Kenya, ambako alikuwa ameyaona matokeo ya kumfunga kiongozi wa kitaifa. Pritt aliongoza utetezi akiwa pamoja na M. N. Rattansey na K. L. Jhaveri, na Nyerere alikubali mahakamani kwamba yeye ndiye aliyewajibika kwa yaliyoandikwa.

Mwezi Agosti hakimu alimtia Nyerere hatiani na kumpa nafasi ya kuchagua: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Kwa mapokeo ya kisiasa ya wakati ule, na kwa mfano wa Kenyatta aliyekuwa bado kifungoni, wengi wangetarajia achague jela. Gereza lilikuwa limekwisha kuwa shahada ya wapigania uhuru. Nyerere alichagua kulipa faini. Uchaguzi ulikuwa karibu, na chama kilichojinyima kiongozi wake katika miezi hiyo kingeweza kupoteza zaidi ya kilichopata kwa kuwa na shujaa kizuizini. TANU ilipata ushindi mkubwa katika awamu ya Septemba 1958 na ile ya Februari 1959. Na kabla mwaka 1958 haujaisha katazo la Jimbo la Ziwa lilikuwa limeondolewa.

Ukilinganisha Kapenguria na Dar es Salaam, tofauti haiko katika ustadi wa wakili, kwani alikuwa yuleyule. Kule Kenya serikali ilikuwa imeamua kwamba kesi ni sehemu ya vita. Tanganyika serikali ilikuwa bado na nafasi ya kurudi nyuma, na mshtakiwa alimwachia nafasi hiyo. Kwa maana hii mteja aliiona sheria kwa namna ambayo wakili wake hakuizoea: kama uwanja wa mapatano, mbali na kuwa jukwaa la kuwafichua watawala.

7.0 Miaka ya Mwisho

Mwaka 1965 Pritt alikwenda Ghana kuwa profesa wa sheria katika chuo kikuu cha nchi hiyo, na alikuwa huko hadi 1966, mwaka ambao Kwame Nkrumah alipinduliwa. Kati ya 1970 na 1972 alitoa vitabu vinne kuhusu sheria, tabaka na jamii, ambamo alijumlisha yale aliyoyaamini kwa miaka arobaini. Alifariki tarehe 23 Mei 1972 huko Hampshire, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 84. Nairobi ilimkumbuka kwa kuipa barabara mojawapo jina lake.

Afrika ya Mashariki huru haikuzifuta sheria zote alizopambana nazo. Tanganyika ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na ile sheria ya vyama ya 1954, iliyokuwa imemfungia nje mkulima wa Buhongwa, ilibaki katika vitabu. Kenya nayo iliwarudisha kizuizini baadhi ya wale waliosimama kizimbani Kapenguria: Achieng Oneko alizuiliwa tena mwaka 1969, safari hii na serikali ya Kenyatta.

8.0 Hitimisho

Kumsifu Pritt kwa Kapenguria na Dar es Salaam huku Moscow ikinyamaziwa ni kuandika nusu ya maisha yake. Na kumlaani kwa Moscow huku makoloni yakisahauliwa ni kuandika nusu nyingine. Nadharia yake ilimwonyesha kwa usahihi kwamba sheria haielei juu ya jamii, na kwamba nyuma ya msajili, hakimu na mkalimani yupo mwenye maslahi. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba swali hilo hujibiwa mara moja tu, siku watawala wanapobadilika. Kuzuiliwa tena kwa Oneko kunaonyesha kwamba swali lilelile hulazimika kuulizwa upya kwa kila utawala, ukiwemo ule ambao wakili na wateja wake waliupigania.